Samaki ya Kambo Ngoie

Wakati nilikuwaka mutoto, bantu bakubwa balikuwa na njia mbili za kutukataza kitu: fimbo na mukishi. Fimbo ilikuwa ya mama yangu. Mukishi, ule roho ya mayi, alikuwa wa kambo Ngoie, mama yake na mama yangu, mwenye alikuwa anakaa kule ku lac, ku ziwa, fasi yenye mayi ya Lufira inajaa mpaka inasahau kama ilikuwaka muto. Fimbo nilishaizoea. Lakini mukishi, ule nilikuwa namuogopa mpaka usiku nilikuwa nakojoa karibu na mulango.

Leo minye njo tantine mwenye bote banamukimbilia mu matanga juu ya kusikia habari. Nikicheka ku quartier yetu Kikula, bale ba quartier ya Panda banauliza nani amezaa. Basi mukisikia nacheka mu hii habari, mujue ni hasira. Nilikaa nayo mu tumbo miaka mingi, na mwaka jana kijana moja aliitosha inje mbele ya bantu, sawa mutu anauza mikate. Njo maana nasema.

Ku lac kuko baie moja, fasi mayi inaingia mu udongo, milima inaizunguka sawa mikono ya mutu anafunika moto. Bantu ba pale banaiitaka Kwa Mukishi. Leo serikali imetia kibao: fasi ya kulindwa, usitege nyavu, usitupe takataka. Bazungu na bana Lubumbashi bananunua tikiti, banavaa masque mu macho na kimupira mu kinywa, banalala juu ya mayi kuangalia samaki. Kiisha banatembea kando ya mayi na bottes, bile biatu birefu bya mupira, banasema Katanga iko muzuri. Minye nasema: ile fasi ililindwa mbele baba ya ule mwenye kuandika kibao azaliwe. Sabuni ilikuwa hapana. Nyavu ilikuwa hapana. Kabla ya kuingia, mwanamuke mukubwa alikuwa anamwanga bunga kidogo juu ya mayi na kusema, tunapita tu, bakubwa, tunapita tu.

Tena ilikuwa na sheria moja yenye kupita zingine zote. Kitu umeona mu mayi, hausemi pale pale. Unafunga kinywa mpaka ku nyumba, unaambia mwanamuke mukubwa, yeye anapeleka kwa chef wa kijiji. Mwenye kulalamika, kupaza sauti wa kwanza pale pa mayi, ile kitu inakuwa yake. Kama ni baraka, ni baraka yake. Kama ni lufu, kifo, ni lufu yake. Kambo alikuwa ananiambia kila vakansi, akinisuka nywele na kunivuta kichwa: Mado, macho Mungu alikupa ya kuona, lakini kinywa, ngoja kwanza. Alikuwa anajua kinywa yangu.

Ile mwaka yenye nasema, papa yangu alikuwa anatumika mu usine moja, kiwanda, jina yake sisemi. Mushahara ilikuwa inakuya sawa mvua ya mwezi wa saba. Suruali yake ya kazi ilikuwa na matundu matundu, juu asidi ikikugusa haiombe ruhusa. Mama alikuwa anaombea mu chambre de prière moja, nyumba ya maombi, ya Kikula, kwa pasteur mwenye sauti mukubwa na kiatu ya ncha. Papa alikuwa mukatoliki wa kwenda misa Noeli na Pasaka. Na palikuwa tonton Prosper, ndugu mudogo ya mama. Ule, nikianza habari yake hatutamaliza. Alikuwa na babibi babili mu ma quartiers mbili, na bote babili banaitwa Béa. Bantu balisema alibachagula vile ili asikosee jina mu usingizi.

Njo tonton Prosper alileta masque. Muzungu moja, mécanicien, alikuwa anarudia kwao na kuacha bitu, bantu banabeba. Wengine balibeba frigo, wengine matandiko. Prosper alibeba masque ya kuogelea, mutu wa Likasi, fasi yenye hata piscine ilikuwa imekauka na kuota majani. Tulimucheka mpaka majirani balikuya kuangalia. Akasema, mucheke tu, tukienda kwa mama ku lac nitabaonyesha.

Tukaenda, juu ya camion ya makala yenye ilikuwa inarudia bule, bila muzigo. Kambo alitupokea na bukari, ule ugali, na mboga, na asubuhi akatupeleka Kwa Mukishi, bunga mu kitambaa.

Tulifika, mayi ilikuwa claire. Mayi ya ile baie minye niliijua: ya kijani, na majani inacheza chini, mukono ukiuingiza hauuone tena. Ile siku uliona jiwe moja moja mpaka mbali, sawa mutu alipanguza kioo. Sisi ba muji tulifurahi. Mama akasema Mungu ni mukubwa. Kambo hakufurahi. Alisimama, bunga ingali mu mukono, akasema, "Hii mayi imekonda."

Prosper akamucheka. Akasema, mama, mayi ya kuona chini njo mayi safi, mwiye muna mazoea ya matope. Kambo akasema tusiingie. Mama akasema bile bya mukishi ni bya bapagano. Papa alikuwa anaangalia kule mayi inatokea. Kambo akamwanga bunga yake, akatuambia tena sheria, na minye aliniangalia sana kupita bengine.

Prosper akavaa masque wa kwanza. Alikuwa na mustache, na mayi ilikuwa inapita mu mustache. Aliingia, akatoka anakohoa, akaingia, akatoka, pua imejaa. Shiye tulikuwa chini kwa kicheko. Akaitosha na kunivalisha minye: mustache hauna, enda weye.

Nikaingia mpaka kifua, nikapeleka uso chini. Bandugu yangu, ile dakika ya kwanza siisahau. Majiwe ya rangi, jua inavunjika mu mayi na kutembea juu ya muchanga. Nilifikiri, kumbe mukishi anakaa muzuri hivi. Nilianza kucheka na mayi mu kinywa.

Kiisha nikaona samaki. Zilikuwa zimelala bubavu, zingine juu ya zingine, kwa majani yenye ilikuwa imekuwa brune sawa kahawa. Kubwa na ndogo. Binywa byabo bilikuwa binafungula, binafunga, sawa chorale yenye micro imekatwa. Nikagusa moja. Haikukimbia. Iliniangalia tu na ile jicho yake yenye haifungake. Na macho yangu, ndani ya masque yenye mayi ilishaanza kuingia, ikaanza kuwaka sawa mutu ametia pilipili.

Nikatoka. Kinywa ikanitangulia.

"Samaki inakufwa. Samaki yote inakufwa."

Mu ile baie sauti inapigaka milima na kurudia. Babibi benye kufula mbali balisikia. Balobaji, bale ba kushika samaki, ba upande ingine, mu mabwato yabo, balisikia, balisimama. Kambo aliweka mikono ku kichwa na kubaki vile. Hakunitukana. Hata leo ningependa angenitukana.

Papa, yeye, aliingia mpaka magoti. Akachota mayi na mukono, akanusa, akaweka kidogo ku ulimi, akatema. Nilimuona. Akarudia ku muchanga na kusema tufunge bitu, tunarudia Likasi. Mama akamuuliza kuna nini. Akasema, nimesema tunarudia.

Samaki ikapanda juu nyuma ya shiye kurudia. Balisema ilijaa kando ya mayi nyeupe, hata imbwa haikutaka kukula. Na bantu ba lac ni samaki tu njo banakulaka, njo banauzaka, njo banalipiaka batoto masomo. Kwanza baliuliza kitu gani iliua samaki? Hapana. Baliuliza nani alilalamika wa kwanza. Na Prosper, ule mufuko wenye tundu, akanywa lutuku yake, ile pombe kali, Kikula na kuelezea bar nzima vile mutoto ya dada yake aliangalia mukishi uso kwa uso, na lac ikakufwa.

Pasteur akasikia. Alikuya kwetu akanishika kidevu. Macho yangu ilikuwa ingali nyekundu, inatoa machozi yenyewe. Akaambia mama, huyu alibadilisha macho na mukishi. Ya kwake iko mu mayi, hii yenye munaona ni ya mulozi.

Sasa nasema polepole, juu hapa njo hasira yangu inakaaka. Balinitia mu ile chambre de prière, juu ya kitanda ya majani, bila kukula. Banamama benye balikuwa bananinunuliaka bonbon balikuwa bananipigia makelele juu ya kichwa. Balitaka niseme na kinywa yangu, ni minye nililoga samaki. Na minye nilijua mutoto akisema vile anaenda wapi. Soko ya Kikula ilikuwa inalaza bale batoto benye kufukuzwa kwabo chini ya meza, bantu banapita banatema mate. Nikisema, ninafukuzwa. Nisiposema, njaa. Mama yangu alikuwa katikati ya bale banamama, analia, na anaomba kwa nguvu kupita bote. Papa alikuwa anakuya mpaka pa mulango. Nilikuwa naona guidon ya kinga yake, ile usukani ya baiskeli, mu kitundu cha mulango, na mukono wake juu. Guidon inakaa, inakaa, kiisha inaenda. Hakuingia hata siku moja.

Mwenye aliingia ni kambo Ngoie. Ilikuwa dimanche, siku ya ibada, bantu bamejaa mpaka inje. Matope ya njia ilikuwa imemukaukia mpaka magoti. Hakusalimia mutu, yeye mwenye alikuwa anasalimia hata kuku. Alipita mpaka katikati na kusema na sauti yenye sikuijua:

"Ile samaki ni yangu. Minye njo nililoga mayi. Mutoto nilimutuma tu, hana kitu. Mumuachilie."

Munaelewa alifanya nini? Ile sheria ya pa mayi, aliibeba mpaka Kikula. Mwenye kulalamika, kitu inakuwa yake. Akapaza sauti yake juu ya yangu, na kunitosha chini ya ile kitu.

Bantu bakapiga mikono na kuimba. Pasteur akajaa sawa mandazi mu mafuta. Balinipa uji, na kambo akanyoosha mukono kunishika. Na minye nikajificha nyuma ya mama. Nilimuamini. Nilikuwa mutoto, bantu bakubwa bote balisema amina, na yeye mwenyewe alisema ni yeye. Nilikaa pale na uji yangu, naogopa mukono wenye ulinisuka nywele. Njaa nilishaisamehe. Hii, ile chambre de prière nzima sitaisamehe. Akarudisha mukono polepole, akaufunga mu kitenge, akatoka.

Kule ku mukini, mu kijiji yake, balimufukuza. Akajenga kinyumba pa mwisho wa baie, peke yake. Hakuna mutu wa kumununulia kitu, hakuna wa kumuomba chumvi. Mama alikataza jina yake mu nyumba. Siku alikufwa hakukuwa matanga. Balobaji balimuzika pale pale na kujaza majiwe juu, juu ya woga, asiamuke.

Na papa? Subiri. Papa alizeeka, akagonjwa, na minye njo nilikuwa namulinda. Siku moja asubuhi, mu jua ya parcelle, inje ya nyumba, namukata makucha, nikamuuliza.

"Papa, ile siku ulionja mayi ku lac. Ilikuwa nini?"

"Asidi."

Alijibu mbio sawa mutu mwenye alikuwa anangojea kuulizwa. Akaniambia bassin ya usine, ile yenye kufunga mayi muchafu, ilipasuka, mayi yake ikaingia mu Lufira mpaka ku lac. Bote batumishi balijua. Balibaambia: mwenye atafungula kinywa, kazi yake imekwisha.

"Nilikuwa na batoto, Mado."

"Na minye nilikuwa nani?"

Akaangalia makucha yake. Nikamaliza kumukata, juu makucha ya mutu haiachwake nusu. Hatukuisemea tena mpaka alikufwa, na nilimuzika vizuri, na ciment na carreaux, bile bigae bya kungaa, na jina yake ya rangi nyeusi. Bantu balinisifu. Nilicheka nabo.

Sasa nafika ku mwaka jana. Mutoto ya dada yangu, Gracia, anafundishaka ku masomo ya mission, na barafiki yake balipanga kwenda Kwa Mukishi, kutembea kando ya mayi na kuogelea na masque. Akaniambia, tantine, ukuye, bila weye hakuna mwenye atatuchekesha. Sikumuambia habari ya ile fasi. Nikapika beignets, mandazi ya kukula mu njia, nikaenda.

Guide, mwenye kutembeza bageni, alikuwa kijana wa pale, anaitwa Héritier, na sifuleti, ile filimbi, mu shingo na bottes kubwa kupita miguu yake. Kijana muzuri, ananishika mukono fasi ya mawe, ananiita mama. Tulitembea kando ya mayi, anatuonyesha ndege, anatuonyesha majani ya dawa. Mayi ilikuwa ya kijani tena. Nilikuwa nachekesha bantu, beignets inapita. Kiisha tukafika pa mwisho wa baie, kwa kilima ya majiwe yenye majani inakaribia kuifunika. Akapiga sifuleti.

Akasema hapa analala mulozi mukubwa wa hii lac. Mwanamuke muzee, aliloga mayi juu ya wivu, samaki yote ikakufwa, bantu bakakaa na njaa. Na siku yeye alikufwa, samaki ikarudia. Bantu bakatosha ma téléphone. Bana babili ba Lubumbashi bakasimama karibu ya majiwe, bidole bibili juu, banafanya uso ya woga juu ya foto. Banacheka.

Na minye nikacheka. Ile kicheko ilitoka yenyewe, ikapiga mulima, ikarudia, bote bakageuka. Gracia aliniambia nyuma kama alifikiri nimepata kichaa.

Nikamuuliza Héritier, "Huyu mulozi alikuwa anaitwa nani?"

"Jina haijulikane, mama."

"Anaitwa Ngoie. Ni kambo yangu. Mutoto mwenye aliona samaki ya kwanza, unamuona hapa, na beignets yake mu mukono."

Nikaelezea yote, pale pale pa mayi, na sauti yangu ile yenye munaijua. Asidi. Bassin. Ulimi ya papa. Guidon pa mulango. Bale bana ba foto balitia téléphone mu mufuko.

Héritier akanivuta kando, kichwa chini. Akasema, mama, minye sikatae. Kambo mwanaume ya minye alikuwa mulobaji, alikuwa anasema hata yeye hakuamini. Lakini bantu banakuyaka hapa juu ya mulozi. "Asidi, mama, nani atapiga nayo foto?"

Ningemupiga kofi. Lakini alisema kweli, na kweli ya namna ile inachekesha na inauma pamoja. Nikamuambia: sema mulozi kama unataka, lakini sema na jina yake, na kiisha sema usine. Akasema atajaribu. Ile kujaribu, nilishaijua kitambo.

Akatazama mayi, akasema tuende, mupepo inakuya, bantu bado habajaogelea. Nikapiga magoti na kuanza kutosha majani ku majiwe ya kambo, moja moja, na mikono. Akasema, mama, bantu banangoja.

"Bangoje."

Gracia akapiga magoti kando yangu. Kundi ikasimama mu jua, masque inaning'inia mu shingo.

Mukishi, hata leo sijue kama iko. Labda iko. Ile siku haikunifanya kitu, na minye sina neno nayo. Zamani nilifikiri kambo alikuwa ananiogopesha na roho ya mayi. Pale, na majani mu mikono, njo nilielewa alikuwa ananiambia habari ya bantu. Alibajua. Alijua mwenye kuona wa kwanza njo banamufunga, na mwenye anajua na kunyamaza anazikwa na carreaux. Alisema itafika, ikafika, na akakuya kuibeba yeye mwenyewe.

Mbele tuende, nikauliza Héritier kitu moja: kambo yako alianza tena kushika samaki wakati gani? Akafikiri, akaona haya. Akasema, mama, kweli, Ngoie wako alikuwa angali muzima. Balobaji balikuwa banashika kidogo kidogo, banamuona anakaa pa mulango ya kinyumba yake.

Basi ile ya kusema samaki ilirudia siku alikufwa ni bongo, uwongo mutupu. Ilirudia yeye anaangalia. Alikuwa karibu na mayi kupita bote, asubuhi na magaribi, bila kazi ingine. Samaki ya kwanza kurudia, ni kambo Ngoie njo aliiona, na hakukuwa mutu wa kumuambia.